Ulikaji wa mipaka ya fuwele

Ulikaji wa mipaka ya fuwele ni aina ya ulikaji wa metali na aloi unaofuata mipaka kati ya fuwele ndogo zinazounda metali, huku fuwele zenyewe zikiathirika kidogo tu. Ni hatari kwa sababu uso wa kifaa unaweza kuonekana mzima ilhali nguvu yake imeshapungua sana.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa feleji isiyoshika kutu, yenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Kromi huunda utando mwembamba wa oksidi unaoikinga feleji. Feleji hiyo ikikaa kwenye joto la takriban sentigredi 450 hadi 850, kaboni iliyomo huungana na kromi na kufanya kabidi mipakani. Ukanda ulio kando ya mipaka hubaki na kromi chini ya asilimia 12 hivi, kiasi kisichotosha kuukinga. Asidi ikifika hapo huula ukanda huo, na fuwele huweza kuachana. Hali hii hutokea mara nyingi pembeni kidogo mwa mshono wa kulehemu, mahali palipofikia joto hilo.

Kinga zake ni tatu: kutumia feleji yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, kuongeza titani au niobi, ambazo huishika kaboni badala ya kromi, au kupasha kifaa hadi sentigredi 1050 hivi, ili kabidi iyeyuke ndani ya feleji, kisha kukipoza haraka isije ikaundwa tena.