Aspirini, umri na jinsia

Aspirini ni dawa ya kutuliza maumivu, kushusha homa na kupunguza kuganda kwa damu, na namna mwili unavyoitumia hutofautiana kwa umri na jinsia. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama Kayole, Dandora na Umoja, huuzwa hadi madukani, mara nyingi ndani ya vidonge mchanganyiko kama Mara Moja.

Vimeng'enya vya utumbo, ini na damu huigeuza kuwa salisilati. Kila dakika 15 hadi 20, nusu ya aspirini iliyo kwenye damu huwa imegeuka. Kwa wanawake kazi hiyo huelekea kwenda polepole zaidi, hivyo dozi ileile huacha dawa nyingi zaidi katika damu. Uzeeni figo huchelewa kuitoa salisilati, na hatari ya kuvuja damu tumboni hupanda. Ni jambo zito kwa nyanya anayemeza vidonge kila siku kwa ajili ya magoti.

Utafiti wa Marekani wa 2005, uliohusisha wanawake 39,876 wenye miaka 45 au zaidi, ulionyesha kwamba dozi ndogo ilipunguza kiharusi, si mshtuko wa moyo. Kwa wanaume, matokeo ya 1989 yalikuwa kinyume.

Walio chini ya miaka 16 hawapewi bila agizo la daktari. Baada ya mafua makali au tetekuwanga, aspirini inaweza kuchochea ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini.