Rili ya chambo kizito

Rili ya chambo kizito ni kifaa cha kukunjia mshipi kwenye ufito wa kuvulia, kinachohimili kurusha chambo bandia cha gramu 60 na zaidi. Inayofaa kuliko zote ni ya pipa linalozunguka. Chambo kinaporuka, pipa huachia mshipi huku dole gumba likiligusa kidogo; lisipoguswa huzunguka kwa kasi kuliko chambo, na mshipi hujisokota palepale. Uwiano wa meno wa takriban 5:1 huvuta kwa nguvu bila kuchosha mkono. Anayeshuka kutoka Tukuyu hadi Matema, Ziwa Nyasa, kutafuta samaki aitwaye mbasa haihitaji rili hii kabisa. Rili nyepesi yamtosha. Ya chambo kizito ni ya sangara wa Ziwa Viktoria, anayeweza kuzidi kilo 100.