Bweranyange, Makao ya Wakama wa Karagwe

Msafiri atokaye Bukoba kwa njia ya Kyaka hufika Omurushaka, penye njia panda. Njia moja huenda Kayanga, na nyingine hushika kaskazini-magharibi mpaka Murongo, mpakani mwa Uganda. Wapitao hapo leo hushughulika na kahawa na ndizi, na ni wachache wakumbukao kwamba nchi hiyo ilikuwa ufalme, na kwamba makao yake yalikuwa Bweranyange, kijiji kidogo cha wakulima na wafugaji.

Mapokeo ya Wanyambo yasema kwamba Ruhinda, jadi wa Wahinda, aliitwaa nchi kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasita. Katika wazao wake, Ndagara husifiwa kuwa mfalme aliyefua chuma kwa mikono yake mwenyewe. Mwanawe Rumanyika ndiye aliyewapokea Speke na Grant mwezi wa Novemba 1861, na Stanley mwaka 1876. Karibu na hapo, Kafuro, palikaa wafanyabiashara Waarabu.

Wageni hao waliandika sana, lakini kila mtu huandika kilichomshangaza. Speke aliwaeleza wake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa, na habari hiyo ndiyo iliyoenea Ulaya. Stanley aliieleza nyumba ya hazina, yenye mikuki na sanamu za madini, za bata na za ng'ombe wasio na vichwa. Aliviona vitu, maana yake hakuipata. Kwa Wanyambo, hazina hiyo haikuwa pambo tu. Mfalme aliyehesabiwa kuwa mhunzi alikuwa bwana wa jembe na wa mkuki pia, yaani wa chakula cha watu wake na wa ulinzi wao.

Utawala wa machifu ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, baraza la Mkama lilikoma, na pamoja nalo kazi ya watunzaji wa vifaa vya ufalme. Tangu hapo elimu ya mambo hayo imebaki vinywani mwa wazee, na mzee akifa bila ya kuulizwa, huzikwa nayo.

Wala masimulizi yao si ya kudharauliwa. Huko Katuruka, katika Buhaya iliyo jirani, wazee walionyesha mahali palipohusishwa na Mkama Rugomora Mahe na kazi ya uhunzi. Peter Schmidt alipopachimba, kuanzia mwaka 1970, palipatikana mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka ipatayo elfu mbili. Neno la mdomo lilitangulia, jembe la mchimbaji likafuata.

Basi historia ya Bweranyange yahitaji mashahidi wawili: vitabu vya wageni, na wenyeji wajuao kitu kilitengenezwa kwa ajili gani. Shahidi wa kwanza amehifadhiwa maktabani. Wa pili hana maktaba ila umri wake.