Nguvu za Farasi na Vipimo Vyake

Mnunuzi mwenye busara hukiangalia kibaba kabla ya kuiangalia nafaka, maana vibaba viwili visivyolingana huweza kuwagombanisha hata ndugu. Jambo kama hilo limetokea katika kupima nguvu za mitambo, na habari zake zamfaa kila kijana apendaye magari.

Kabla ya kuja kwa mvuke, kazi nyingi nzito za Uingereza zilifanywa na farasi. Ndio waliovuta mizigo, wakageuza vinu, na kutoa maji katika machimbo. James Watt, mzaliwa wa Scotland, alipoutengeneza vizuri zaidi mtambo wa mvuke, alishirikiana na Matthew Boulton tangu mwaka 1775 ili kuuza mitambo hiyo. Wenye vinu walitaka kujua jambo moja: mtambo huu utafanya kazi ya farasi wangapi? Watt alipiga hesabu ya farasi wageuzao kinu, na mwaka 1783 akakata shauri kwamba nguvu za farasi mmoja ni kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja.

Kipimo kilipatikana, lakini ilibaki njia ya kukitumia. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibana breki juu ya mhimili uzungukao, akaifunga breki hiyo kwenye wenzo wenye uzito. Mtambo ulitaka kuizungusha breki, na uzito ukaizuia. Kwa kuujua uzito, urefu wa wenzo na hesabu ya mizunguko, nguvu zilijulikana. Chombo hicho ni babu wa dainamometa za leo.

Hata hivyo kipimo hakikubaki kimoja. Katika nchi nyingi za Ulaya, nguvu za farasi zilihesabiwa kuwa ni kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja, nazo ni pungufu kidogo kuliko zile za Watt. Huko Marekani tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Watengenezaji walizoea kuipima injini ikiwa peke yake, bila mzigo wa feni wala bomba la kawaida la kutolea moshi. Tangu magari ya mwaka 1972, injini ilipimwa pamoja na vyombo vyake vyote, kama ikaavyo ndani ya gari. Basi Cadillac Eldorado, iliyotangazwa kuwa na nguvu 365 mwaka 1971, ilitajwa kuwa na 235 mwaka uliofuata. Mtu asiyejua angedhani injini ile ya lita 8.2 imeharibiwa, kumbe kilichobadilika ni kibaba.

Ugomvi huo haujaisha. Mwenye gari aliyelipa fedha nyingi ili injini iongezewe nguvu hulipeleka kupimwa juu ya mapipa ya chuma yazungushwayo na magurudumu. Nguvu zionekanazo hapo ni chache kuliko zile za injini yenyewe, kwa kuwa nyingine zimepotea katika giaboksi na matairi. Tena mashine zenyewe si za namna moja: nyingine huizuia gari kwa breki, na nyingine huangalia pipa zito linaongeza mwendo upesi kiasi gani. Hewa nayo ina sehemu yake. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu. Mafundi husahihisha hesabu kwa ajili ya joto na kimo, lakini kanuni zao hazilingani.

Kwa hiyo mashine mbili zaweza kutoa hesabu mbili kwa gari moja, wala pasiwe na mwongo. Lakini mwongo naye aweza kujificha humo, akachagua hesabu kubwa na kunyamaza juu ya namna ilivyopatikana. Ajuaye historia hii hatadanganyika upesi. Atataka gari lipimwe kabla ya kazi na baada ya kazi, juu ya mashine ile ile na kwa kanuni ile ile, kisha aangalie nyongeza. Hesabu isiyotaja kipimo chake si ushahidi. Ni sifa tu.