Kiwango Kilichoshinda, Kampuni Zilizoshindwa: WiMAX, LTE na Soko la Kampala

WiMAX na LTE ni familia mbili za viwango zilizogombea kubeba intaneti ya kasi isiyotumia waya baada ya 3G. WiMAX ilitoka kwa watu wa kompyuta. Msingi wake ulikuwa kiwango 802.16 cha taasisi ya IEEE, na toleo lililomruhusu mtumiaji kuhama kutoka mnara hadi mnara, 802.16e, lilikamilika mwaka 2005. LTE ilitoka kwa watu wa simu. Iliandaliwa na 3GPP, chombo kinachosimamia viwango vya GSM na 3G, na toleo lake la kwanza lilikamilika mwishoni mwa mwaka 2008. Mshindani wa tatu, UMB ya Qualcomm, aliachwa Novemba 2008 kabla hajafika sokoni. Desemba 2009 TeliaSonera ilizindua LTE Stockholm na Oslo. Mwaka uliofuata Yota ya Urusi, iliyokuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa WiMAX, ikatangaza kuhamia LTE. Nani alishinda si jambo la kubishaniwa. Kinachobishaniwa ni kwa nini.

Maelezo mawili yamezoeleka. La kwanza ni la kihandisi: LTE ilishinda kwa sababu ilikuwa bora. La pili ni la kisera: serikali inapaswa kuchagua kiwango kimoja mapema badala ya kuliachia soko lipapase gizani, na mfano unaotolewa kila mara ni Ulaya, ambako agizo la mwaka 1987 lilitenga masafa ya megahezi 900 kwa ajili ya GSM. Makala haya yanapinga maelezo yote mawili kwa kutumia ushahidi wa Kampala. Hoja yake ni kwamba jina la kiwango liliamua machache katika soko hilo. Yaliyoamua zaidi ni masafa, vifaa vilivyokuwa mikononi mwa wateja, na ukubwa wa mtandao wa GSM ambao kampuni ilikuwa nao tayari.

Hoja ya ubora

Kiini cha viwango hivi kilikuwa kimoja. Vyote viligawa mawimbi katika vijimkondo vingi vyembamba vinavyosafiri sambamba, mbinu iitwayo OFDMA. Vyote vilitumia antena zaidi ya moja kila upande, na vyote vilisafirisha kila kitu kama pakiti za intaneti. Tofauti zilikuwapo. Katika kupakia data kutoka kwenye simu, LTE ilitumia mbinu ya SC-FDMA, ambayo huokoa betri. WiMAX kwa kawaida ilituma na kupokea kwa zamu katika masafa yaleyale, ilhali LTE iliruhusu zamu na pia masafa ya jozi, ambayo ndiyo kampuni nyingi za simu zilikuwa nayo. Hata hivyo, matoleo ya kwanza ya pande zote mbili hayakufikia kigezo cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, cha gigabiti 1 kwa sekunde kwa mtumiaji aliyetulia, na Januari 2012 matoleo yaliyoboreshwa ya pande zote mbili yaliidhinishwa kwa pamoja kuwa kizazi cha nne halisi. Kwenye meza ya wahandisi, mechi iliisha sare.

Huko Kampala hoja ya ubora ina kasoro nyingine. Watumiaji waliowahi kutumia huduma zote mbili hukumbuka WiMAX kuwa ya polepole na LTE kuwa ya kasi, nao hawakosei. Lakini huduma hizo mbili hazikufika mjini katika mazingira yaleyale. WiMAX ya kampuni kama MTN na Infocom ilianza wakati data ya Uganda, nchi isiyo na bahari, ikipita kwenye setilaiti kwa gharama kubwa. Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, TEAMS ikafuata mwaka huohuo na EASSy mwaka 2010, na ndipo nyuzi za kupitia Kenya zikaanza kuleta Kampala data ya bei nafuu zaidi. LTE ilizinduliwa mwaka 2013, na Novemba ya mwaka huo Google ikatangaza Project Link, mtandao wa nyuzi chini ya barabara za Kampala ambao baadaye ulikaribia kilomita 800. Mteja wa WiMAX aliyefungiwa antena juu ya bati, ikaelekezwa mnarani kwa uangalifu, alikuwa na megabiti kadhaa hewani zilizokwenda kubanwa kwenye setilaiti. Kulinganisha kasi za huduma hizo ni kulinganisha njia za kutokea nchini, si viwango vya redio.

Kampala, 2013

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa mwaka 2013, kwa kuwa hapo ushindani wa viwango ulikuwa umekwisha. MTN ilizindua LTE Aprili, Smile ikafuata Juni, na Orange nayo ikaingia mwaka huohuo. Kwa mantiki ya wanaotaka kiwango kimoja, huu ulipaswa kuwa mwanzo wa umoja: kifaa kimoja kifanye kazi popote, na mteja ahame kampuni kwa kubadili laini tu.

Haikuwa hivyo. MTN ilitumia masafa ya megahezi 2600 na Smile megahezi 800. Modemu iliyotengenezwa kwa masafa ya mmoja haikusikia mnara wa mwingine, ingawa zote zilizungumza LTE. Simu ya iPhone 5, iliyotoka Septemba 2012 na ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa simu za bei ya juu kabisa madukani, inaonyesha hali hiyo vizuri. Toleo lake la kimataifa la GSM lilipokea LTE katika megahezi 850, 1800 na 2100 tu. Mwenye simu hiyo katikati ya Kampala alikuwa na LTE mfukoni na LTE hewani, na viwili hivyo havikukutana. Alirudi kwenye 3G. Ilibidi asubiri iPhone 5s, iliyotoka Septemba 2013 na yenye matoleo yanayopokea 800 na 2600. Na huyo alikuwa mteja tajiri. Simu nyingi za Waganda wakati huo zilikuwa za vitufe, zisizojua LTE ya masafa yoyote.

Masafa pia yaliamua nani anafikiwa. Kwa umbali uleule na antena za aina moja, wimbi la megahezi 2600 hupoteza takriban desibeli 10 zaidi ya wimbi la megahezi 800, yaani nguvu inayopokelewa hupungua karibu mara 10. Kampala ni mji wa vilima: mnara uliopo Kololo unaona Nakasero bila taabu, lakini mabonde ya Bwaise na Katwe, yenye nyumba zilizobanana na kuta nene, yanadai ama masafa ya chini ama minara mingi zaidi. Katika gigahezi 3.5, ambako WiMAX iliwekwa sehemu nyingi za dunia, hasara inazidi desibeli 12 ikilinganishwa na megahezi 800. Sehemu kubwa ya lawama ambazo WiMAX ilitupiwa kwa kushindwa kupenya ukutani ilistahili kutupiwa masafa hayo.

Waliochagua vizuri wakaanguka

Kama kiwango kingekuwa mwamuzi, kampuni zilizojijenga juu ya LTE peke yake zingeongoza. Smile ilikuwa na kiwango sahihi na masafa mazuri kuliko wengi. Afrimax ilizindua LTE kwa jina la Vodafone Uganda mwaka 2015, ikiwa na mojawapo ya majina makubwa duniani katika biashara ya simu. Mwaka 2018 Vodafone Uganda iliingia kwenye usimamizi wa mufilisi. Mwaka 2021 kampuni mama ya Smile ilikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya London ikiomba kibali cha kupanga upya madeni yake. MTN, iliyokuwa imewekeza katika WiMAX, ile inayosemwa kuwa chaguo baya, ndiyo iliyobaki kileleni.

Sababu iko chini ya LTE. Nje ya eneo la 4G, mteja wa MTN au wa mshindani wake Airtel aliangukia 3G au 2G na simu yake ikaendelea kuita. Mteja wa mtandao wa LTE peke yake alikosa mtandao kabisa. MTN ilikuwa pia na huduma ya pesa kwa simu tangu mwaka 2009, iliyomfunga mteja kwenye laini hata pale bando za wengine zilipokuwa rahisi.

Pingamizi la wazi ni Orange. Ilikuwa na GSM na 3G, ikauzwa kwa Africell mwaka 2014, na Africell ikaondoka Uganda Oktoba 2021. Kwa hiyo urithi wa GSM haukutosha. Lakini mfano huu unatia nguvu hoja badala ya kuivunja: kinachohesabika ni ukubwa wa urithi huo. Warid, kampuni nyingine ya simu, ilinunuliwa na Airtel mwaka 2013, ishara ya mapema kwamba soko halina nafasi ya kampuni nyingi za wastani.

Jirani aliyechagua

Rwanda ilifuata njia ambayo wanasera wa kiwango kimoja huipendekeza, tena ikaenda mbali zaidi. Kupitia KT Rwanda Networks, ubia na kampuni ya simu ya Korea Kusini, ilijenga mtandao mmoja wa LTE wa kuuza kwa jumla, uliozinduliwa Kigali Novemba 2014, na kampuni nyingine hazikuruhusiwa kujenga wa kwao. Mtandao ulifika kwa zaidi ya asilimia 90 ya wananchi, lakini wateja hawakufika kwa kiwango hicho: simu zinazofaa zilikuwa chache na bei ilikuwa juu. Serikali ilifungua mlango kwa wengine, na mwaka 2023 MTN Rwanda ikawasha 4G yake. Mawimbi yalienea, matumizi yakabaki nyuma.

Matokeo kwa 5G

MTN na Airtel zilizindua 5G Kampala katikati ya mwaka 2023. Safari hii hakuna kiwango pinzani chenye uzito, na masafa ya gigahezi 3.5 yamekuwa sehemu kuu ya 5G duniani. Mjadala wa kuchagua kiwango kwa hiyo umefungwa, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda haina sababu ya kuufungua. Maamuzi yake yenye uzito ni mengine: masafa gani ya chini yatolewe, kwa nani na kwa sharti gani la kufikia mabonde, minara ichangiwe vipi, na vifaa vishuke bei namna gani. Kodi nazo, ingawa si Tume inayozipanga, zinahusika. Ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, ulioanza Julai 2018, na asilimia 12 iliyowekwa juu ya data mwaka 2021 badala yake, viligusa matumizi moja kwa moja. Hakuna kiwango kinachoweza kufidia simu ambayo mteja hamudu kuinunua wala bando ambayo hawezi kuilipia.