Utafiti wa Serikali Mtandao: Kwa Nini Baadhi ya Mifumo Hukwama

Serikali mtandao ni matumizi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) katika utendaji wa taasisi za umma na utoaji wa huduma kwa wananchi. Mwaka 2001, watafiti Karen Layne na Jungwoo Lee waliainisha hatua nne za ukuaji wake: kutoa taarifa, kuwezesha miamala, kuunganisha ngazi za utawala, na hatimaye kuunganisha sekta mbalimbali ili mwananchi ahudumiwe mahali pamoja.

Si kila mradi hufika huko. Mwaka 2003, Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alikadiria kuwa katika nchi zinazoendelea asilimia 35 ya miradi hiyo ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilishindwa kwa kiasi, na asilimia 15 pekee ilifanikiwa. Kwa maelezo yake, tatizo ni pengo kati ya dhana za wabunifu wa mfumo na hali halisi ya ofisi: ujuzi wa watumishi, fedha, taratibu na mazoea ya kazi. Kompyuta mpya, ifahamike, hazizibi pengo hilo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kuwasilisha miradi yao ya TEHAMA kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) kabla ya kuitekeleza. Miongoni mwa huduma zinazozingatia hali ya mtumiaji ni *152*00#: mwananchi hupiga namba hiyo kwa simu ya kawaida, bila intaneti, kisha huchagua huduma anayoihitaji.