Wali wa Heshima, Muhogo wa Kusi: Mlo na Majira katika Historia ya Pwani ya Waswahili

Kalenda ya Waswahili huanza kuhesabu miezi tangu siku ambayo watu wamerudi kula mchana. Mwezi unaoufuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, unaofuata huitwa Mfunguo Pili, na hesabu huendelea hivyo hadi Mfunguo Tisa. Ni Rajabu, Shaabani na Ramadhani tu iliyobaki na majina yake ya Kiarabu. Kando ya kalenda hiyo ya mwezi andamo ipo nyingine ya jua, inayoanzia Nairuzi, ambayo wakulima na mabaharia waliigawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue lini kupanda na lini kusafiri. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai ni mabaki ya hesabu hiyo. Chungu cha mpwani kimepikwa baina ya kalenda hizi mbili: moja huamuru lini watu wafunge na lini wafungue, nyingine huamuru kitakachopatikana cha kufungulia.

Mtu akiulizwa chakula cha Waswahili ni kipi, aghalabu hujibu kuwa ni pilau, biriani na wali wa nazi. Jibu hilo si kosa, ila ni jibu la mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Mpwani aliye mgonjwa na ameanza kurudiwa na hamu ya kula, au aliyekaa ugenini miaka mingi, mara nyingi huomba vitu vingine kabisa: muhogo wa nazi kwa papa, uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi kwa mahamri, magimbi yaliyopikwa yakalainika katika tui. Hoja inayoelezwa katika kurasa hizi ni kwamba vyakula hivyo vinavyotuliza moyo vina asili yake katika uhaba, katika majira magumu ya mwaka, na kwa kiasi fulani katika utumwa. Ilhali wali, kwa karne nyingi, umekuwa kipimo cha kuwapangia watu daraja.

Ushahidi wa kale unatoka kisiwani Pemba. Uchunguzi wa mabaki ya mimea uliofanywa na Sarah Walshaw katika magofu ya Tumbe na Chwaka ulionyesha kwamba wakaazi wa Tumbe, baina ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi nafaka ya jamii ya uwele. Huko Chwaka, mji uliositawi tangu karne ya 11, mpunga ndio uliotamalaki. Badiliko hilo lilikwenda sambamba na kukua kwa miji, kujengwa kwa misikiti ya mawe na kuongezeka kwa karamu. Mpunga unataka kazi nyingi zaidi na mvua ya uhakika zaidi kuliko uwele. Kwa hiyo watu hawakuuchagua kwa sababu ya urahisi. Waliuchagua kwa kuwa ulifaa kuandaliwa mbele ya wageni.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331. Huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi na embe. Wanahistoria hupenda sana kuutumia ukurasa huo, na ni haki yao, lakini yafaa kukumbuka kwamba aliyeuandika alikuwa mgeni wa sultani. Alipofika Mombasa aliona kwamba watu wa huko hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Sentensi hiyo fupi, ambayo wengi huiruka, ndiyo inayokaribia zaidi jiko la kila siku.

Fasihi simulizi nayo inaitambua tofauti hii ya madaraja. Katika hadithi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitunga kuwa utenzi mnamo mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni, na kila chakula kizuri anachopelekewa huliwa na walinzi. Mama yake anapika mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa na kumwachia mfungwa, naye anakata minyororo. Msikilizaji wa zamani hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini hila hiyo ilifaulu, kwa maana alijua kwamba wishwa ni makapi ya nafaka, na kwamba mwenye cheo hawezi kuugusa mkate wake. Mama alijua pia, na akaigeuza dharau hiyo kuwa ufunguo.

Muhogo, mahindi, nyanya na pilipili kali ni mazao ya Marekani ya kale, yaliyoletwa Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi mwaka 1498. Miongoni mwao muhogo ndio uliobadilisha mlo wa visiwani kwa kina zaidi. Huota katika ardhi hafifu, huvumilia ukame, na unaweza kuachwa ardhini miezi mingi hadi siku unapohitajika. Karne ya 19, mashamba ya mikarafuu yalipoenea Unguja na Pemba chini ya utawala wa Sayyid Said na waliomfuata, ardhi nyingi nzuri ilichukuliwa na zao la kuuza, na mchele ukazidi kuagizwa kutoka nje. Watumwa waliofanya kazi mashambani walipewa vijisehemu vya kulima chakula chao wenyewe, na humo walipanda muhogo. Kwa muda mrefu kula muhogo kulikuwa kama kutangaza unyonge. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, waliokuwa watumwa walihamia Ng'ambo ya mji wakiwa na ujuzi huo wa kupika, na baadhi ya wanawake wakaanza kuuza chakula kilichopikwa. Si jambo dogo kwamba leo wajukuu wa waliokuwa mabwana na wajukuu wa waliokuwa watumwa hukitamani chungu kile kile.

Ili kuelewa ladha ya chungu hicho ni lazima kurudi kwenye pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na pwani ya Wasomali, yakiwa yamepakia tende, chumvi na papa mkavu, ambaye harufu yake ilitangulia kufika kabla ya nanga kutiwa. Kisha huja masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na nyuma yake kusi, upepo ulioyarudisha majahazi makwao yakiwa na boriti za mikoko. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Ngalawa na mitumbwi midogo hukaa ufukoni siku nyingi, samaki wabichi huadimika, na baridi ya kipupwe huingia. Hapo ndipo papa aliyenunuliwa wakati wa kaskazi na kuning'inizwa jikoni alipoonyesha thamani yake. Alirowekwa, akachemshwa kupunguza chumvi, akachambuliwa na kuungwa kwa nazi, ndimu na pilipili, akaliwa kwa muhogo uliong'olewa nyuma ya nyumba. Mlo huo ulikuwa jibu la akina mama kwa miezi ambayo bahari ilikataa kutoa. Watoto waliokula chakula hicho cha moto huku mvua ikipiga makuti, walipokuwa watu wazima, hawakukumbuka uhaba. Walikumbuka joto lake.

Ramadhani huyachanganya majira haya kwa namna ya pekee. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, mwezi huo huzunguka majira yote na kurudi mahali pake baada ya miaka kama 33. Mwaka 2000 ulianguka mwishoni mwa Novemba, wakati wa vuli na maembe. Mwaka 2010 ulianza Agosti. Mwaka 2022 ulikuwa Aprili, katikati ya masika. Kwa hiyo kila kizazi kina futari yake ya utotoni. Hata hivyo uti wa mgongo wa futari haubadiliki: muhogo, viazi vikuu, magimbi, ndizi mbichi, kunde, shelisheli panapopatikana, vyote vikipikwa kwa tui, na uji mwepesi wa pilipili manga wa kutangulia. Mchana kutwa watu wamejinyima, na jioni wanafungua kwa vyakula vile vile vya shamba ambavyo adabu ya karamu isingeviweka mbele ya mgeni. Siku za mwisho za Shaabani, watu wanapovunja jungu, hupikwa pilau na nyama kwa wingi, kana kwamba wali unaagwa.

Mapishi haya hayakuandikwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye Desturi zake za Waswahili zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alihifadhi mengi kuhusu maisha ya pwani, lakini ujuzi wa jikoni ulibaki mikononi mwa wanawake, na mkono ndio ulikuwa kitabu. Bibi hakusema gramu wala kikombe. Mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi. Vilivyobaki vilipimwa kwa jicho, kwa pua na kwa sikio. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, lile zito waliloliita kasimele, likawekwa kando. Muhogo ulichemshwa kwa tui jepesi la pili, na kasimele ikatiwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, ikikorogwa taratibu isije ikakatika. Wali ukikaribia kuiva ulipaliwa makaa juu ya mfuniko, na matandu yaliyoshika chini ya chungu yakagombewa na watoto. Mwari alijifunza kwa kutumwa: kuna nazi, onja chumvi, sikiliza kama maji yamekauka. Elimu ya namna hii hupotea kimyakimya sana, kwa kuwa anayekufa nayo hajawahi kuitwa mtaalamu.

Kwamba wali ulikuwa kipimo cha daraja kulidhihirika waziwazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Japani ilipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele wa huko, uliokuwa ukiingia kwa wingi katika bandari za Afrika ya Mashariki, ulikatika. Zanzibar na Dar es Salaam serikali za kikoloni ziligawa chakula kwa kufuata makundi ya asili ya watu. Walioandikwa kuwa Waasia walihesabiwa kuwa walaji wa wali; walioandikwa kuwa Waafrika walitarajiwa kuridhika zaidi na unga wa mahindi. Familia za pwani zilizokula wali vizazi na vizazi zilijikuta zimepangiwa kabila upya na karani wa mgao, na malalamiko yalikuwa mengi. Ugomvi huo haukuwa wa tumbo pekee. Aliyenyimwa mchele aliambiwa, kwa lugha ya kibaba, kuwa yeye si mtu wa mji.

Uhaba ulirudi baada ya uhuru kwa sura nyingine. Visiwani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mapinduzi ilibana uagizaji wa mchele kwa jina la kujitegemea, na foleni za chakula zikawa sehemu ya maisha hadi biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Bara, unga wa mahindi ya njano uliotoka nje ulipewa jina la utani la "yanga", kwa rangi ya jezi za timu hiyo ya mpira. Katika miaka hiyo muhogo ulizishikilia nyumba nyingi, kama ulivyofanya zamani.

Ni katika miaka hiyo hiyo pia ambapo jiko la nyumbani lilitoka nje kwa kishindo. Kuuza vitumbua na mikate mlangoni ilikuwa desturi ya zamani, na Washihiri walikwisha kutembeza kahawa mitaani kabla ya hapo. Lakini mishahara ya Dar es Salaam iliposhindwa kukidhi haja, maelfu ya wanawake waliinjika sufuria kando ya karakana na maeneo ya ujenzi. Wateja wakawapa jina kwa ombi lao wenyewe, "mama, nitilie", na mamantilie akaingia katika lugha. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwatazama wasio na ajira rasmi kama wazururaji, na kila mlipuko wa kipindupindu, ukiwamo wa mwaka 2015, umekuwa sababu ya kuwafukuza. Tuhuma za usafi huenda zina ukweli wake, ila haielekei kuwa anayefukuza sufuria ameuliza maji safi yangetoka wapi. Unguja, bustani ya Forodhani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 imepokelewa kwa mikono miwili na watalii. Wenyeji wengi hutafuta urojo wao mitaani, kwa muuzaji ambaye ukali wa embe bichi na ndimu yake wanaujua tangu walipokuwa shuleni.

Kuna sehemu moja ambako historia hii yote huonekana katika sahani moja. Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman waliokimbia baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 walihamia Maskati, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita warudi. Huko mandazi, mishkaki na urojo vimekuwa vyakula vya mji. Mchele si tatizo. Kila nyumba ya Oman hupika wali mchana. Muhogo haustawi katika majabali yale, na nazi pia lazima inunuliwe. Wazee huununua muhogo uliogandishwa, uliokuja kwa meli, huupika jioni kwa tui la kopo, na hulalamika kwamba tui la kopo halina kasimele.